Mwonyeshaji wa Shamba la Viazi

Desemba iliyopita nilikwenda Kanyakine kumaliza mambo fulani ya shamba la marehemu nyanya yangu, na asubuhi ya pili nikatoka kununua maziwa dukani. Msichana wa duka alikuwa bado anafagia. Ukutani, chini kidogo ya taa aliyokuwa amesahau kuizima, alikuwa ametua nondo wa kijivu, mrefu karibu kama kidole changu cha kati, mabawa ameyalaza mgongoni kama paa la nyumba. Msichana alipomwona aliacha ufagio akavua ndara.

"Madam, songa kidogo niigonge. Hii kitu ni ya mkosi."

"Iache. Imelala tu, usiku ilikuwa kazini."

"Kazi gani sasa? Nondo iko na kazi?"

Nilichukua njiti ya ufagio nikamgusa yule nondo begani, polepole, naye akasogeza mabawa ya juu mbele. Tumbo likaonekana: mistari ya waridi na mistari myeusi, imepangwa kwa zamu kuanzia kiunoni mpaka mkiani, na katikati ukanda wa kijivu. Msichana aliinama akaangalia kwa muda, ndara ikiwa bado mkononi.

"Kumbe imevaa ndani," akasema, na akairudisha ndara mguuni.

Nilirudi na maziwa nikitabasamu peke yangu njiani, watu wakinisalimu wakidhani nawafurahia wao. Nondo yule namjua. Namjua tangu akiwa yai, na kuna wakati nilimwamini kuliko nilivyomwamini mtu mzima yeyote. Kaa basi nikusimulie. Ina viwavi, kwa hiyo kama unakula, malizia kwanza.

Nilikulia kwa nyanya, yaani mama yake mama, katika boma lililo chini ya barabara inayoshuka kwenda Mitunguu. Juu kulikuwa na kahawa, katikati nyumba na jiko, na chini kabisa, ardhi inapoinama kuelekea kijito, kulikuwa na viazi vitamu. Shamba lile halikuwa kubwa lakini lilitulisha mwaka mzima, kwa sababu nyanya hakuwa mtu wa kufumua. Majirani walichukua jembe wakafukua tuta lote siku moja. Yeye alikuwa na kijiti cha mti mgumu, kimechongwa ncha na kulainika kwa miaka ya kushikwa. Alitembea kati ya matuta akitafuta ufa, maana kiazi kikinenepa hupasua udongo ulio juu yake. Akiuona ufa alipiga magoti, akachokoa, akaingiza mkono, akatoa kile kimoja kilichokomaa na kuviacha vidogo viendelee kulala. Kisha akafukia na kupapasa udongo kwa kiganja. Asubuhi tulivila na chai ya maziwa, vimechomwa kwenye jivu mpaka ganda likawa jeusi na sukari yake ikatugandia vidoleni.

Kazi yangu ilikuwa marando, ile mikia mirefu ya viazi inayotambaa juu ya matuta. Kila jioni baada ya shule nilikata ya kuwapa mbuzi, nayo yalitoa utomvu mweupe uliokauka ukawa mweusi mikononi, na hakuna sabuni iliyoushinda. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikagua mikono kila Jumatatu. Kila Jumatatu alinitoa mstarini nikaoshe tena, nami nilirudi na mikono ileile, ikiwa na baridi tu zaidi.

Mama tuliishi naye hapo mpaka nilipokuwa darasa la tatu. Alikuwa na cherehani barazani na alishona huku akiimba za kanisani. Siku moja cherehani ilifunikwa shuka, mama akavaa nguo ya Jumapili siku ya Jumatano, akabeba mkoba na kupanda hadi barabarani. Nilikuwa kwenye mpera. Nilimwona mgongo akishuka upande wa Mitunguu mpaka kona ikammeza. Nilidhani anakwenda sokoni. Nilianza kuuliza siku ya tatu.

"Ameenda kazi," nyanya alisema.

"Kazi wapi?"

"Mbali. Leta ule unga, maji yanachemka."

Kila nilipouliza, maji yalikuwa yanachemka. Niliuliza jirani, nikaambiwa nikamuulize nyanya. Niliuliza mwalimu wa shule ya Jumapili, akaniambia nimwombee. Nilimwombea, lakini mimi ni mtu anayetaka kujua anamwombea mtu aliye upande gani. Tangu utotoni nimekuwa hivyo, na imenigombanisha na watu wengi.

Sasa viwavi. Mvua zikishika, majani ya viazi yalianza kuliwa kutoka pembeni, mengine yakabaki mshipa mtupu. Mlaji alikuwa kiwavi mnene kuliko kidole cha gumba cha nyanya. Wengine walikuwa kijani kama jani lenyewe, wengine hudhurungi karibu na weusi, wote wana mistari ya mshazari ubavuni na pembe moja iliyopinda, si kichwani bali matakoni. Watoto wenzangu walisema pembe hiyo ina sumu. Niliigusa. Haina kitu. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwaokota na kuwapelekea kuku, na kuku wa nyanya walijua sauti ya kopo langu wakaja mbio kutoka pande zote za boma.

Lakini si wote niliwapa kuku. Niliwahi kuona, chini ya jani, yai dogo la kijani, la mviringo, kama kichwa cha pini, na baada ya siku chache likawa kijidudu chembamba chenye pembe ndefu isiyolingana na mwili. Nikataka kujua kinafika wapi. Nilichukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, nikatia udongo chini, nikawafuga watano nyuma ya ghala. Walikula majani mapya asubuhi na jioni. Walivua ngozi na kuvaa nyingine. Walinya vidonge vikubwa vya mraba, vikavu, ambavyo nilivipanga safu kwa ukubwa. Halafu siku moja waliacha kula, wakazunguka kopo kama watu waliopoteza funguo, na kufikia asubuhi walikuwa wamezama udongoni. Nilingoja siku kadhaa, nikafukua. Nikampata Mwonyeshaji.

Ukikulia upande wetu unamjua, hata kama kwenu alikuwa na jina lingine. Ni kile kitu cha hudhurungi kinachong'aa, kirefu kama kidole, ambacho jembe hukitoa udongoni. Hana miguu, hana mdomo, ana mkono mmoja tu uliojikunja mbele kama mshikio wa jagi. Sisi watoto tulimshika kichwa kwa vidole viwili, mkia ukiwa juu, tukamuuliza: Mwonyeshaji, Mwonyeshaji, Mlima uko wapi? Naye aliuzungusha mkia mara mbili tatu, akatulia ameuelekeza upande mmoja. Tulimuuliza kanisa, tukamuuliza Nairobi, tukamuuliza atakayetuoa atatoka wapi. Hakuna aliyejiuliza yeye mwenyewe anatoka wapi. Alikuwa kitu cha udongoni kama kiazi. Ni mimi peke yangu, nyuma ya ghala, niliyejua kwamba alikuwa yule mla majani. Mwalimu alipochora ubaoni kipepeo na mishale yake nilinyoosha mkono nikauliza kama na huyu wa viazi ni hivyohivyo. Mwalimu akasema huyo hayuko kwenye mtihani.

Sasa unaona nilikokuwa naelekea. Nilikuwa na swali moja ambalo watu wazima hawakutaka kulijibu, na nilikuwa na waonyeshaji watano kwenye kopo.

Usinicheke, sikuwa mjinga. Nilijua waonyeshaji wengine hudanganya. Mmoja aliwahi kumwambia rafiki yangu wa jirani kwamba Nairobi iko kisimani. Kwa hiyo niliwapima kwanza. Nilimuuliza kila mmoja mambo ninayoyajua: shule, kanisa, kiwanda cha kahawa, Mlima. Aliyepata nilimwekea alama ya mkaa kwenye ubao wa ghala. Baada ya siku nne, wawili walikuwa hovyo kabisa, wawili wa kubahatisha, na mmoja, aliyekuwa na doa jeusi karibu na mkia, hakuwa amekosa hata mara moja. Nikamwita Mjuzi. Nikamtenga na wale wengine wasimharibu.

Siku ya tano nilinawa mikono, nikasimama mahali wazi, nikamuuliza mama yuko wapi. Alizungusha mkia polepole kuliko kawaida, akaelekeza chini. Mitunguu. Kesho yake nilimuuliza tena, akaelekeza Mitunguu. Wiki nzima nilimuuliza, wiki nzima jibu likawa lilelile, nami nililipokea kila mara kana kwamba ni habari mpya. Mitunguu haikuwa mbali hivyo. Tuliona joto lake likitetemeka chini kule siku za jua. Nilishindwa kuelewa kwa nini waliniambia ni mbali.

Jumamosi nyanya alikuwa na zamu ya kuosha kanisa pamoja na akina mama wengine. Alipotoka tu nilivaa sweta ya shule, maana ndiyo iliyokuwa na mfuko mzuri, nikamfunga Mjuzi kwa jani la kiazi, nikachukua viazi viwili vya kuchoma, nikapanda barabarani. Mpango ulikuwa rahisi. Mwonyeshaji hasemi umbali, anasema upande tu, kwa hiyo kila njia panda ningesimama nimuulize.

Njia panda ya kwanza alijibu, chini. Ya pili alijibu, lakini kwa uvivu. Nilimtazama vizuri nikaona amebadilika. Ile rangi ya hudhurungi ya kung'aa ilikuwa imeingia weusi, na nilipombonyeza alikuwa laini kidogo. Nilitembea. Hewa ikawa nzito na ya moto, migomba ikaanza kuwa mingi pande zote, sweta ikaniwasha. Njia panda ya tatu ilikuwa na njia tatu zote zinazoshuka. Nikamtoa Mjuzi, nikamshika, nikauliza. Hakutikisika. Nikampulizia hewa ya mdomo, nikamfunika kwa viganja, nikauliza tena. Nilimwomba msamaha kwa lolote nililomkosea. Kimya.

Ningeweza kubahatisha. Mtoto mwingine angebahatisha. Mimi nilikaa chini kando ya barabara, Mjuzi mapajani, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke. Sikulia kwa ajili ya kupotea. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefanya kila kitu kwa utaratibu, nimepima, nimeweka alama, na sasa mtu wangu mmoja aliyekuwa tayari kunijibu alikuwa amenyamaza kama wale wengine.

Aliyenikuta ni jirani yetu aliyenunua ndizi Mitunguu na kuziuza huku juu. Alikuwa ameketi mbele kwenye pikapu iliyojaa mikungu mibichi. Pikapu ilipita, ikasimama, ikarudi nyuma.

"Wewe si wa kwa nyanya wa pale chini? Huku unafanya nini?"

"Natafuta mama. Lakini huyu amekataa kusema."

"Nani amekataa?"

Nilifungua mkono. Alimtazama Mjuzi, akanitazama mimi, akamtazama dereva. Nilingoja anicheke. Alishuka, akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake, akaniambia nipande. Nilirudi nyumbani nimebanwa katikati yake na dereva, na njiani dereva akaniuliza kama nina njaa.

Nyanya alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye lango na kitambaa chake cha kanisa kichwani, na maji ya kuoshea sakafu yalikuwa bado yamelowesha pindo la nguo yake. Alikuwa ameambiwa nimeonekana barabarani peke yangu, akakimbia bila kumaliza. Nilitarajia fimbo. Alizungumza na jirani maneno machache ambayo sikuyasikia, kisha akanishika bega tukaingia jikoni.

"Fungua mkono nione," akasema. Tulizungumza Kimeru, bila shaka. Kiswahili cha nyanya kilikuwa cha sokoni na cha Biblia, hakuna cha katikati.

Nilimweleza yote: kopo, alama za mkaa, Mitunguu, njia panda ya tatu. Nilimwambia nadhani nimemuua. Alimpeleka Mjuzi mlangoni kwenye mwanga, akamgeuzageuza karibu kabisa na macho.

"Hajafa. Njoo uone. Hili hapa ni jicho."

Kweli, chini ya lile ganda, ambalo sasa lilikuwa jembamba kama karatasi ya kufungia mkate, kulikuwa na jicho jeusi la mviringo. Kulikuwa na bawa lililokunjwa, lina michoro. Nyanya aliniambia kwamba tangu akiwa msichana amekuwa akikuta maganda matupu udongoni, yamepasuka mgongoni, na hajawahi kumwona anayetoka. Alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa letu.

Nilitaka kumrudisha kwenye kopo. Akakataa. "Humo ni laini. Akitaka kupanda atashika nini?" Akajaza udongo kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akasimika ndani yake kile kijiti chake cha kuchimbia, akamlaza Mjuzi kwenye shina la kijiti. Kisha akakamua ng'ombe, nikalisha mbuzi, na kila mmoja wetu akawa anapitapita jikoni bila sababu.

Ilianza jua lilipokuwa linazama. Ganda lilipasuka nyuma ya kichwa bila kelele, mguu mmoja ukatoka, halafu mingine, halafu kitu kilicholowa, chenye manyoya, kikajivuta nje na kuanza kupanda kijiti haraka haraka kama kimechelewa mahali. Mabawa yalikuwa vipande viwili vidogo vilivyokunjamana begani. Tulidhani ni kilema. Kilifika juu, kikajining'iniza, na mabawa yakaanza kushuka, taratibu, kama shuka lililolowa likinyooshwa kwenye kamba, mpaka yakapita urefu wa mwili. Akatoa mrija mrefu wa kunyonyea, mrefu kuliko yeye mwenyewe, umegawanyika nyuzi mbili, akawa anaukunja na kuukunjua mpaka nyuzi zikashikana zikawa moja. Hapo ndipo nilipoelewa ule mshikio wa jagi ulikuwa wa nini. Ulikuwa ala ya mrija huo.

"Kumbe ni wewe," nyanya akamwambia.

Alimjua. Na mimi nilimjua. Nyuma ya bafu la nje kulikuwa na mti wenye maua meupe marefu, yananing'inia kama tarumbeta, na kila jioni, giza likianza kuingia, nondo wa kijivu walikuja kuelea mbele ya maua hayo, mabawa yakivuma, mrija ukiwa ndani kabisa ya ua bila mguu kugusa petali. Nyanya aliwapenda. Alikuwa anaacha kazi ili awatazame.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikimkaribisha mama na kumtupia kuku mtoto."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Alikaa kwenye kigoda akiangalia moto. Nondo alikuwa bado anakausha mabawa. Kwa mara ya kwanza sikuuliza kitu, na nadhani ndiyo sababu alisema.

Mama alikuwa Ruiri, ng'ambo ya Meru mjini, upande ambao Mjuzi hakuwahi kuuelekeza hata kwa bahati mbaya. Alikuwa ameolewa. Baba yangu hakuwahi kujitokeza, hilo nililijua, na watu wa Ruiri waliomchukua mama hawakuambiwa kwamba ana mtoto. Siku ile alishuka Mitunguu kwa shangazi yake, na watu wa bwana wakaja kumchukulia huko, ili wasipite kwetu wakaniona.

"Mama yako alitaka kusema," nyanya aliniambia. "Ni mimi nilimkataza. Niliogopa watamrudisha, halafu nani mwingine angemchukua. Nilifikiri ukikua utaelewa. Sikufikiri utatembea."

Nilimkasirikia. Nakwambia wazi, kwa sababu katika masimulizi kama haya nyanya huwa malaika tu: nilimkasirikia sana, na nilikataa uji wake kesho yake asubuhi. Nondo alitetemesha mabawa kwa muda mrefu akijipasha joto, akaruka, akagonga mlango, akapata njia. Hakuna aliyeinuka kumtazama.

Shule zilipofungwa, nyanya alijaza kiondo viazi vikubwa, alivyovichagua mwenyewe kwa kijiti, akanivalisha nguo ya kanisani, tukaenda Ruiri. Hakumwambia mtu tunakuja. Kule kulikuwa na upepo, vumbi, ng'ombe wengi na mahindi mafupi. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa Mlima: ulikuwa umehama. Nilikuwa nimewauliza waonyeshaji mara nyingi sana Mlima uko wapi, na sasa ulikuwa upande mwingine kabisa, na vilele vyake si vile ninavyovijua. Niligeuka nikiutazama mpaka nyanya akanivuta mkono.

Mama alitoka nyuma ya nyumba na mtoto mchanga mgongoni, ameshika sufuria. Alituona akasimama. Kabla hajafungua mdomo, mama mkwe wake alitokea jikoni. Akatuamkia, "Muga," tukaitikia, "Muga." Akapokea kiondo, akashukuru kwa viazi, kisha akaniangalia.

"Na huyu msichana ni wa nani?"

Nyanya alimgeukia mama. Naweza kukueleza kila kitu kilichokuwa katika ua ule, maana nilikitazama chote ili nisimtazame mama: kuku mmoja asiye na mkia, kamba ya nguo, tangi la maji lenye kutu. Mama aliweka sufuria chini.

"Ni wangu," akasema. "Ndiye kifungua mimba wangu."

Mama mkwe alimtazama mama, akamtazama nyanya, halafu mimi tena, kuanzia viatu.

"Basi mbona mmemsimamisha juani," akasema, na akageuka kuingia ndani, mlango akauacha wazi.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mama alilipia neno lile kwa miaka, kwa manung'uniko na kwa mambo aliyonieleza baadaye nikiwa mtu mzima na mengine ambayo hajanieleza. Mimi nilibaki Kanyakine, kwa sababu ya shule na kwa sababu, hasira ilipoisha, sikutaka kumwacha nyanya. Lakini kila likizo nilikwenda Ruiri, na niliingia kwa mlango wa mbele.

Msimu uliofuata nilimpima Mwonyeshaji kwa mara ya mwisho. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: kwa nini Mjuzi alijua yote ila hilo moja. Nilimwambia rafiki yangu wa jirani anifunge macho kwa kitambaa na kunizungusha mpaka nisijue nimeelekea wapi. Nikamshika mwonyeshaji mpya, nikamuuliza kanisa. Akaelekeza choo. Nikamuuliza shule, akaelekeza choo tena. Tulicheka mpaka rafiki yangu akaketi chini, lakini mimi nilielewa kitu, na nakielewa zaidi sasa. Mwonyeshaji huzungusha mkia kwa sababu ya joto la vidole, anataka tu kuachwa. Aliyemgeuza kuelekea shule ni mimi, bila kujua. Vidole vyangu vilijua shule ilipo, vilijua kanisa, vilijua Mlima. Kuhusu mama vilijua mahali pamoja tu, ile kona ya barabara ya Mitunguu nilipomwona mgongo mara ya mwisho.

Nyanya amekwenda. Shamba la viazi limekuwa migomba ya kisasa, iliyopandwa kwa mistari, na aliyelikodi hunyunyiza dawa kila mara, kwa hiyo ukifukua hapo unapata udongo tu. Ule mti wa tarumbeta ulikatwa bafu lilipojengwa upya. Watoto wa boma la jirani niliwauliza kuhusu Mwonyeshaji, wakanitazama kwa adabu, kisha mmoja akaniambia niandike jina la mahali kwenye simu, itanionyesha. Yuko sahihi. Haikosei, na haijali unaishikaje.

Mimi simu naitumia kwa jambo moja zaidi. Kila Jumapili jioni nampigia mama Ruiri, na kabla ya salamu namuuliza yuko wapi. Amezeeka, hatoki boma, anajua kwamba najua. Angeweza kuniambia yuko nyumbani akamaliza. Badala yake hujibu taratibu, kila wiki, bila kuruka kitu: "Niko nje hapa kwa mlango. Nimekaa kwa kiti ya mbao, nachagua maharagwe. Nimeangalia upande wenu."